Nachonga watu walioumia ila watu wanaishia kusema "inasikitisha" tu, nakosea wapi?

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo (lino ni kipande cha linoliamu unachokichonga, unakipaka wino na kukichapa kwenye karatasi): "Nachonga lino mwaka wa tatu sasa, nachapa watu tu, sina habari na maua wala mandhari. Mada yangu ni unyonge wa binadamu, yaani wagonjwa, wazee, waliofiwa. Mama yangu alipata kiharusi mwaka juzi, amepooza upande wa kushoto na mimi ndo namuuguza, kwa hiyo hii hali naijua sio kwa kusimuliwa. Lakini kila nikionyesha kazi zangu mtu anasema dah inasikitisha, anatikisa kichwa, anapita. Sitaki mama aonewe huruma, nataka mtu akisimama pale ajione yeye. Nakosea wapi? Au chapa ndo haifai kwa mambo haya, nirudi kwenye rangi za mafuta?" Ameambatanisha picha tatu: mzee analia ameshika shavu, mtoto wa macho makubwa gizani, na mama yake akiwa kitandani.

Dada yangu, pole kwanza kwa kuuguza, na hongera kwa kuendelea kuchonga humo humo ndani ya kuuguza. Picha zako nimekaa nazo wiki nzima, nilizibandika ukutani juu ya meza yangu ili niwe nazipitia kwa jicho la pembeni nikiwa nafanya mengine, maana picha ukiikodolea sana kuna vitu inakuficha. Na nianze na swali lako la mwisho tulimalize: usirudi kwenye rangi. Mkono wako umeshakuwa mkono wa mchongaji, inaonekana kabisa kwenye nywele za yule mtoto jinsi ulivyozikata kwa patasi ya ncha bila kusita hata mara moja. Tatizo liko kabla ya patasi kugusa lino.

Liko kwenye hilo neno lako, unyonge. Kwa Kiswahili mnyonge tunamwona ni mtu ambaye dunia imeshamkalia, ameshapigwa, ameshanyang'anywa. Ni neno la mtu aliyefikwa. Lakini jinsi ulivyoandika barua yako kitu kinachokunyima usingizi ni kingine kabisa, ni ile hali ya kila mwenye mwili kuwa anaweza kuumia muda wowote, tajiri anayo, askari anayo, huyo jirani yako mwenye sauti kubwa anayo. Shingo ya nyuma ya mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu. Mtu mzima aliyepitiwa na usingizi kwenye kiti mdomo umeachama. Hao hawajafikwa na lolote, hawalii, wala hakuna mtu amekufa, lakini ukiwatazama kuna kitu kinakushika tumboni kwa sababu unajua wewe pia una shingo na wewe pia unalala.

Sasa mwangalie mzee wako. Analia. Maana yake tukio limeshapita na sisi tumefika msibani baada ya watu kuzika, kazi iliyobaki ni kutoa pole na kuaga. Na pole ndo hiyo wanayokupa! Hawakosei hata kidogo, wanajibu kile ulichowaambia. Uso unaolia unamwambia mtazamaji ahisi nini, unamfanyia kazi yote, yeye akishatikisa kichwa hana tena cha kufanya pale.

Tafuta chapa ya Käthe Kollwitz inaitwa Wazazi, utaipata kirahisi. Huyu mama alikuwa Mjerumani, alizaliwa 1867 akafariki 1945 wiki chache tu kabla vita havijaisha, mume wake alikuwa daktari wa watu wa kipato cha chini Berlin kwa hiyo wagonjwa na wajane na wasio na kazi walikuwa wanapita mlangoni kwake kila siku. Mtoto wake mdogo, Peter, alijiunga na jeshi na akauawa Ubelgiji Oktoba 1914 akiwa na miaka 18. Kollwitz alihangaika na kifo hicho miaka na miaka. Alikuwa hodari wa etchingi (mchoro unaochimbwa kwa asidi kwenye bamba la chuma) na litografia (mchoro wa mafuta juu ya jiwe), lakini 1920 akaona chapa za mbao za Mjerumani mwenzake Ernst Barlach akaamua kuanza upya kwenye mbao, mama wa miaka zaidi ya 50 anajifunza kifaa kipya, na hapo ndo zikazaliwa chapa 7 za mfululizo wa Vita, alizozichonga 1921 na 1922 zikatoka 1923.

Kwenye Wazazi kuna baba na mama wamepiga magoti wameshikana. Baba amefunika uso kwa kiganja. Mama ameangukia kwake uso umezama huko. Yaani kwenye picha ambayo wengi tunaiona ni kati ya picha nzito kuliko zote za kufiwa na mtoto HAKUNA USO. Kuna tuta moja jeusi la watu wawili, huwezi kusema mwili wa huyu unaishia wapi wa yule unaanzia wapi, na kuna mikono, na mistari michache ya mwanga kwenye mikunjo ya nguo. Na hakuipata kwa mara moja, alichonga akakataa akachonga tena. Ukisimama mbele yake huambiwi ulie. Unaachwa na mgongo wa mtu na inabidi mwenyewe ujaze uso, na uso utakaojaza, ukitaka usitake, ni wa mtu wako.

Mimi hili lilinichukua muda mrefu sana kulielewa. Baba yangu alipotoka kufanyiwa upasuaji nilimchora karibu kila siku, na nilikuwa nahangaika na uso, macho yaliyoingia ndani, mashavu, nikachonga mbao nne, zote zikawa za kusikitisha kama hizo zako. Siku moja nikamchora ameketi anatazama dirishani, alikuwa amevaa shati mwenyewe asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa, na vifungo vilikuwa vimepishana, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili na kuendelea hivyo hivyo mpaka chini, kola upande mmoja imepanda juu. Nikachonga hiyo. Uso niliuacha mweusi karibu wote, kuna laini moja tu ya mwanga kwenye paji. Siku ya maonyesho nilisimama pembeni nikaona jambo ambalo sitalisahau, watu wakifika pale mikono yao inaenda kwenye mashati yao wenyewe. Mmoja, wawili, watatu. Wanagusa vifungo vyao. Hakuna aliyeniambia inasikitisha.

Hiki unachokitaka kinaingilia kwenye vitu vidogo namna hiyo. Elizabeth Catlett, mchongaji mweusi mzaliwa wa Marekani aliyehamia Mexico akafanya kazi na karakana ya wachapaji ya Taller de Gráfica Popular, ana linokati ya 1952 ya mama mkulima anayelima shamba la mtu kwa mgawo wa mazao. Kofia pana ya majani, uso wenye mifupa imara, macho yanatazama mbali huko, wala hayakutazami wewe. Na shingoni, pale ambapo pangekuwa na kifungo, nguo imeshikwa na pini. Pini moja tu! Umaskini wote uko kwenye ile pini, na kwa sababu uko pale Catlett hakuhitaji kuuweka usoni, uso akauacha uwe wa mtu mwenye heshima zake. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, mi naona hiyo ndo kanuni nzima ya kazi yetu hii. Udhaifu uonyeshe, usiufiche, ila mtu abaki na haki yake, abaki na umri wake na akili yake na mambo yake mengine ambayo sisi hatuyajui. Yule mtoto wako wa macho makubwa hajapewa haki yake. Samahani kusema hivyo lakini umeniuliza. Macho yale umeyakuza ili tuyaonee huruma, hakuna mtoto ana macho yale, na mtazamaji hata kama hajui kuchora anahisi kwamba anavutwa shati.

Sasa twende kwenye ya mama yako maana hiyo ndo imenifanya niandike kirefu hivi. Umemchonga kitandani, uso katikati, macho yamefumba, mdomo umekwenda upande, mwanga wote umeupeleka pale. Lakini chini kabisa, pembeni, sijui kama hata unakumbuka kuichonga, kuna mguu umetoka kwenye shuka na soksi imevuka nusu. Kisigino kiko nje, ile sehemu ya vidole ya soksi imening'inia mbele kama ulimi. Dada yangu, picha yako ni hiyo! Nimeitazama hiyo soksi wiki nzima. Mtu ambaye hawezi kuivuta mwenyewe soksi yake na bado hajamwita mtu. Kila binadamu amewahi kuvuliwa na kuvalishwa soksi na mtu mwingine, na wengi wetu tutavalishwa tena, kwa hiyo hapo hakuna wa kupita akitikisa kichwa.

Ila kabla hujaichonga upya kuna kosa la kiufundi lazima nikuonyeshe maana linagusa ukweli wenyewe. Umesema mama amepooza kushoto. Kwenye chapa yako mkono uliolala kama kitu kisicho na mwenyewe ni wa KULIA. Ulichora moja kwa moja kwenye lino ukasahau kwamba chapa inageuza. Kwa mti au nyumba tungesema si kitu, lakini mwili wa mtu una historia, upande una maana, na nina uhakika mama mwenyewe akiiona atajua hapo sio yeye. Chora kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha, igeuze uso chini, weka karatasi ya kaboni katikati, pitisha kalamu. Na kabla hujachonga simamisha lino mbele ya kioo, kwenye kioo utaona chapa itakavyokuwa, na utaona pia kama kichwa kimeegemea vibaya, kioo kina tabia ya kusema ukweli kuhusu michoro.

Halafu namna unavyochonga. Wewe, kama wengi tulioanzia kwenye lino, unachora kwa kalamu nyeusi kisha unaondoa kila kisicho mstari, unabaki na mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, yaani mchoro wa kalamu uliopitia njia ndefu. Mwili ukizungushiwa mstari mweusi mnene pande zote unakuwa umelindwa, umewekewa uzio, hakuna kinachoweza kuingia. Na wewe unataka mwili ambao kitu kinaweza kuingia! Fanya kinyume. Paka lino yote rangi nyeusi au ya kahawia iliyoiva ikauke, chora kwa chaki nyeupe, halafu chonga mwanga peke yake, pale unapoangukia tu, kwenye kisigino, kwenye mkunjo wa shuka, kwenye ukingo wa mkono. Kwingine kote acha. Mpaka wa mwili na giza usiuchonge, jicho la mtu litautafuta lenyewe na katika kuutafuta litakuwa linamgusa mama yako taratibu. Anza na kidogo sana halafu toa prufu, yaani nakala ya majaribio, chonga tena kidogo, toa prufu nyingine, maana ulichokitoa hakirudi. Hii ya kutorudi ndo sababu mojawapo nimekwambia usihame. Kwenye rangi za mafuta unaweza kujificha, unafunika, unarudia. Hapa patasi ikiteleza imeteleza, ubao unaweka kumbukumbu, na wewe mwenyewe unakuwa kwenye hali ile ile unayoichonga.

Kuhusu lino ikiwa baridi na ngumu, iweke juani dakika kadhaa au ipitishie pasi ya joto kidogo juu ya kitambaa, inalainika na patasi inapita kama kwenye sabuni. Noa patasi. Nimeona kingo za mikato yako zimechanika, hiyo ni patasi butu, na patasi butu ndo inayokata watu vidole kwa sababu unaisukuma kwa nguvu. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali siku zote.

Sijasema lino ndo njia pekee. Lino ina usafi fulani, haina nyuzi, haina upinzani, kila mkato unatoka jinsi ulivyoagiza, na wakati mwingine usafi huo unaua. Mbao zina nyuzi zake na zitakubishia. Edvard Munch, yule mchoraji wa Norway, mwaka 1899 alitengeneza chapa ya mbao ya mwanamume na mwanamke wamesimama ufukweni wanatupa mgongo wanatazama bahari, inaitwa Wapweke, na ubao aliukata vipande kwa msumeno, akapaka kila kipande wino wake, akavirudisha pamoja akachapa mara moja. Pale vipande vinapokutana panabaki kamstari kembamba kasiko na wino. Watu wawili wamesimama karibu kabisa lakini wametenganishwa na msumeno, kwenye mbao yenyewe, sio kwenye mchoro. Hiyo ni akili ya mchapaji, mchoraji wa rangi asingeweza kuiwaza.

Au jaribu draipointi kama unaweza kupata kipande cha shaba au hata plastiki ngumu na mahali penye presi, ile mashine ya kukandamiza karatasi juu ya bamba. Unakwaruza kwa sindano ya chuma, na sindano ikipita inachimbua kingo ndogo ndogo za chuma kando ya mstari, hizo ndo zinashika wino na kuutoa kama manyoya, laini inakuwa na ukungu laini ambao hakuna njia nyingine inaupata vile. Lakini kila ukipitisha kwenye presi kingo zinalazwa kidogo, nakala za mwanzo zina ule ukungu, baada ya makumi machache umekwisha, unabaki na mkwaruzo mkavu. Yaani bamba lenyewe linazeeka. Rembrandt, mchoraji Mholanzi, alikuwa anaipenda mno, ana chapa ya Misalaba Mitatu ya 1653 aliyoikwaruza kwa draipointi, na baadaye akalirudia bamba lile lile, akafuta watu na kuwazamisha wengine kwenye giza la mistari mizito inayoshuka kama mvua, mpaka ukilinganisha nakala za mwanzo na za mwisho unadhani ni picha mbili. Hakutupa bamba lililochoka, alilifuata lilikokuwa linaelekea.

Na kama huna presi kabisa kuna monotaipu ya giza, aliyoitumia sana mchoraji Mfaransa Degas kwa wanawake wanaooga. Unapaka bamba au kioo wino mweusi wote, halafu unafuta kwa kitambaa, kwa kidole, kwa ncha ya mbao, mwili unatokea kutoka gizani kadiri unavyofuta, unachapa nakala moja, na ukirudia karatasi nyingine kwenye mabaki ya wino unapata kivuli chake kimefifia. Mi nakushauri uzifanye kumi hivi za mguu wa mama kabla ya kugusa lino, ni mazoezi ya kuujua mwanga na hayana hasara. Na ile ya kivuli usiitupe, ikaushe, mara nyingi ndo inayosema.

Kwenye kompozisheni, yaani mpangilio wa vitu ndani ya picha, sina mengi, ila hili moja: unaweka watu wako katikati ya ubao kila mara, kama picha za paspoti. Mchoraji Mhispania Goya kwenye Maafa ya Vita, zile chapa 80 alizoanza 1810 na hazikuchapishwa rasmi mpaka 1863, miaka 35 baada ya yeye kufa, ana moja namba 26 aliyoiandikia chini "Haiwezekani kutazama". Watu wamejikunyata, wengine wanaomba, mmoja amefunika uso, na wauaji hawaonekani. Kutoka ukingo wa kulia zinaingia ncha za bayoneti basi. Ncha tu. Ukingo wa karatasi unakuwa ndo mlango wa kitu kibaya. Wewe hujachonga vita, lakini ukingo unao. Mguu wa mama ukiusogeza mpaka kisigino kiwe karibu kabisa na ukingo wa chini, na juu yake kukawa na eneo kubwa la shuka tupu, jicho litasikia kwamba pale hapajalindwa. Acha mwili mwingine uende nje ya ubao juu kabisa. Uso usiwepo. Najua utaumia kuuacha, ni uso wa mama, lakini fanya hivyo kwa chapa hii moja.

Kuchapa kwenyewe, naona unatumia rola na kusugua kwa nguvu sawa kote ili utoke weusi mmoja bapa. Chukua karatasi nyembamba ya Kijapani ile ya magome ya mforsadi, ni nyembamba lakini nyuzi zake ndefu kwa hiyo haichaniki ovyo, na usugue kwa mgongo wa kijiko cha mbao. Kijiko kinakupa uamuzi kila inchi. Sugua sana kwenye giza la chumba, legeza kadiri unavyokaribia mguu, na pale kwenye soksi pitisha kidole tu bila kijiko. Wino utashika nusu nusu, utaona unyevunyevu wa kijivu kama pumzi. Nakala hazitafanana na mi sioni kama ni kosa, toa edisheni ndogo, yaani nakala chache, nane au kumi, kila moja umeisugua kwa mkono wako. Hapo tena rangi za mafuta zinashindwa, kwa sababu nakala moja inaweza kwenda kwa mtu anayeuguza baba yake, nyingine kwa nesi, nyingine ukabaki nayo, na kila mmoja ameshika kitu halisi mkononi, cha ukubwa anaoweza kuulaza mapajani. Kollwitz na Catlett wote walizipenda chapa kwa sababu hiyo, zinafika kwa watu wasiokuwa na kuta kubwa.

Usijisukume kumaliza haraka pia. Dada yake Munch, Sophie, alikufa kwa kifua kikuu 1877 akiwa na miaka 15. Mchoro wa rangi wa mtoto mgonjwa akaufanya 1885 mpaka 1886, draipointi 1894, litografia 1896 akiwa Paris, na kwenye litografia ndo akathubutu kuondoa kila kitu, mtu aliyeinama pembeni ya kitanda hayupo, chumba hakipo, kimebaki kichwa kwenye mto kinatazama upande, na akakichapa kwa rangi tofauti tofauti. Miaka 19 tangu kifo. Wewe bado umo ndani, mama yuko hai, kesho asubuhi utamvalisha tena. Kwa hiyo unachokichonga hakijawa kumbukumbu, ni mtu aliyeko chumba cha pili, na hapo kuna jambo ambalo hukuniuliza lakini sitalala vizuri nisipolisema.

Mama anajua kwamba anachongwa? Kollwitz mwaka 1903 alifanya etchingi ya mama amemkumbatia mtoto aliyekufa, mama yuko uchi, amejikunja juu ya mtoto karibu kama mnyama, na modeli alikuwa yeye mwenyewe mbele ya kioo huku amemshika Peter wake akiwa na miaka 7. Yule yule. Ninachokitazama pale ni kwamba alipotaka mwili ulioachwa wazi kiasi kile alianza na wake. Nakuomba na wewe kabla ya mguu wa mama chonga wa kwako. Kaa kitandani, vuta soksi nusu, weka kioo sakafuni, jichore kisigino. Utashangaa jinsi unavyotaka kukirembesha, kukinyoosha vidole, kuficha ngozi iliyopasuka. Hiyo hamu ya kuficha ikumbuke ukirudi kwa mama, maana yeye pia anayo ila hana mkono wa kuvuta shuka.

Kisha kaa naye umwonyeshe ule wa kwako kwanza, umwambie unataka kufanya na wake. Kwenye sehemu ya barua niliyoifupisha umesema maneno yake hayatoki vizuri lakini anaelewa na anaitikia kwa kichwa, inatosha kabisa hiyo. Akikubali chonga, na prufu ya kwanza wino ukiwa bado mbichi mpelekee yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, ishike karibu na upande wake wa kulia ambako anaweza kuigusa. Akikataa, ubao huo ufunge kwenye kitambaa uuweke kabatini na uendelee na mguu wako, na uniandikie, tutatafuta njia nyingine.